Mshamu Anakusalimu Sana

Mashamba ya Mbuchi,
9 Machi 2025

Kwako Kibwana, sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri na kile kidonda cha mguu, na mwanao Yasmini na watoto wake hawajambo. Mimi mzima, isipokuwa kiuno, na kiuno changu unakijua, kina malalamiko kuliko mwenyewe.

Nimempa Hashimu wa boti akuletee mpaka mlangoni, maana karatasi ikiachwa pale gatini Nyamisati itafungiwa vitumbua. Najua utauliza kwa nini sipandi kijijini kwenye mtandao nikakupigia simu. Simu hizi mimi siziwezi. Mtu unaongea huku salio linakukimbiza, mara haloo, haloo, mwisho mmeuliziana hali tu na imekatika. Bora tuandikiane. Au yule mwalimu wa elimu ya watu wazima alitutesa bure?

Maji mwaka huu yalikuja kwa adabu. Shamba lako nimelipanda pamoja na langu, asikudanganye mtu kwamba limelala. Dungu lako la kulindia ndege bado limesimama juu ya nguzo zake. Makuti ya upande wa mto yamenyofolewa na upepo, nitatia mapya kabla ndege hawajaanza. Viboko walipita mara moja, wakala pembeni kidogo, wakaondoka zao.

Alfajiri tunaitana kama kawaida. Nakumbuka enzi zile tukiwa watano, Salumu kule mwisho na Abdulkarimu ukingoni kabisa. Mimi naanza kuita, kila mtu anaitika kutoka dungu lake, na mpaka zamu ifike kwa Salumu jua limeshatoka. Siku hizi haichukui muda. Mungu awarehemu wenzetu.

Mshamu anakusalimu sana. Anakuombea upone upesi.

Wako,
Mwinjuma


Kibiti,
17 Machi 2025

Mwinjuma,

Waalaykum salaam. Barua imefika, na haijafungiwa kitumbua. Nimeisoma mpaka imelainika.

Kidonda kinafunga. Wamenikataza kukanyagakanyaga, basi nakaa barazani kwa Yasmini natazama malori yanayokwenda Lindi na Mtwara. Sina shida ya chakula wala ya kulala. Shida yangu ni asubuhi. Naamka mapema yangu ileile, nakaa kitandani nikingoja mtu aniite. Baadaye Yasmini anagonga, ananiuliza kama nimemeza dawa. Mjukuu wangu anaulizwa kama amepiga mswaki. Hakuna mtu katika mji huu anayeuliza kama nimeamka, kama kumekucha kwangu. Nilikuwa siijui thamani ya swali lile. Tuliitana miaka yote kama mtu anavyopiga chafya.

Mpunga ukitoa masuke nakuja. Nitaamia ndege wangu mwenyewe, niwafukuze kutoka dungu langu mwenyewe. Usimpe mtu.

Sasa niambie, Mshamu alisemaje hasa? Maana yule ni mtoto wa mjomba wangu, mtani wangu tangu tunavaa shati bila suruali, na sijapata kusalimiwa naye bila kutukanwa. Siku namwoza Yasmini alisimama mbele ya mashehe akataka mahari iongezwe, baba wa bi harusi anunuliwe viatu, kwa sababu hii miguu yangu si miguu, ni makasia. Siku namzika mke wangu alinitania palepale kaburini, nikacheka machozi yanatoka, na kicheko kile ndicho kilichonifikisha nyumbani. Leo ananiombea? Mwulize vizuri, halafu uniandikie maneno yake kama alivyoyatamka.

Mimi,
Kibwana


Kibiti,
18 Machi 2025

Baba Mwinjuma,

Shikamoo. Barua hii nimempa Hashimu mbali na ile ya baba. Baba hajui kama nimekuandikia, na nakuomba asijue.

Baba hana kidonda kinachofunga. Mwezi wa pili walimkata mguu, chini ya goti, kwa ajili ya sukari. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote wa Mbuchi, wewe na baba Mshamu kuliko wote. Tangu arudi hospitali hataki kuvuka baraza. Akija mgeni anajifunika shuka mapajani hata kukiwa na joto. Ananiambia mchana kutwa kwamba mpunga ukitoa masuke anakwenda, nimfungie vitu vyake.

Atakwendaje, baba? Kile kibanda kiko juu ya nguzo, ngazi yenyewe ni miti miwili na vijiti. Chini ni matope. Daktari amesema kidonda kikiingia maji machafu wataukata tena, safari hii juu ya goti. Nikimwambia hayo ananiuliza kama Hashimu amepita.

Nakupigia magoti kwenye karatasi hii. Mwandikie kwamba shamba limeharibika. Mwambie maji ya chumvi yameingia. Mimi hanisikii, ila wewe ukisema ataamini.

Mwanao,
Yasmini


Mbuchi,
2 Aprili 2025

Mwanangu Yasmini,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye mtumbwi, nikashindwa kushuka. Mguu ule nimeufuata nyuma kwenye matope haya tangu ujana wangu. Yeye alitangulia, mimi nikakanyaga alipokanyaga, na nyayo zake zilikuwa kubwa hata nikilewa usingizi sikosei.

Na wewe nikuambie la kwangu, maana nimelibeba peke yangu na limenichosha. Mshamu amefariki. Ni wiki ileile mliyompeleka baba yako hospitali. Hashimu aliniambia umempeleka hoi, hajui alipo, nikasema habari hii ikimfikia kitandani itammaliza. Nikawaomba watu wa Mbuchi wasipige simu huko, na Hashimu nikamfunga mdomo. Nilisema nitamwambia akirudi, na hakurudi. Ndiyo maana sipandi kwenye mtandao. Kalamu haitetemeki sauti, lakini kwenye simu angenijua kabla sijamaliza salamu.

Hilo la maji ya chumvi nitaliandika. Silitaki, lakini nitaliandika. Bora akae huko mzima anichukie, kuliko aje huku nimzike na yeye pia. Nimebaki naye huyo tu.

Usimwambie habari ya Mshamu.

Baba yako mdogo,
Mwinjuma


Mashamba ya Mbuchi,
2 Aprili 2025

Kwako Kibwana, sahibu yangu,

Salamu nyingi. Leo sina habari nzuri. Bamvu la juzi, yale maji makuu ya mwezi mwandamo, lilipanda na maji ya chumvi, yakalala shambani. Mpunga umegeuka manjano mpaka mashinani. Lako ndilo lililoumia zaidi, liko chini kuliko langu. Mwaka huu hakuna cha kuamia ndege. Usijisumbue na safari. Kaa kwa mwanao, ule, umeze dawa, mwakani Mungu akitujalia tutajaribu tena.

Mshamu nimemuuliza kama ulivyotaka. Amesema nimwambie yule mwenye pua kama birika asimchoshe. Amesema umekwenda mjini kunenepa, siku ukirudi boti ya Hashimu itazama na wewe na Hashimu mwenyewe. Na amesema masikio yako tuyalete huku, ungo wetu wa kupepetea umetoboka.

Nadhani sasa umeridhika.

Wako,
Mwinjuma


Kibiti,
13 Aprili 2025

Mwinjuma,

Mshamu amekufa lini?

Usinijibu kwamba sijui ninachosema. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. "Mshamu anakusalimu sana. Anakuombea upone upesi." Mshamu? Nilipofika hapo nilikunja karatasi nikaiweka chini ya mto. Kisha nikajiambia, labda Mwinjuma amefupisha, mvivu wa kuandika, nikakuuliza maneno yake hasa. Nilikuwa nakupa nafasi. Nilikuwa najipa nafasi mimi pia.

Ukaniletea pua. Ukaniletea masikio. Tangu lini Mshamu akaiona pua yangu? Yule katika maisha yake hakuniona kuanzia magotini kwenda juu. Angenitukana makasia yangu hata kama nyumba inaungua. Wewe umezunguka mwili wangu wote, umekwepa miguu kama mtu anayekwepa shimo, na hapo nikajua mambo mawili kwa mara moja. Kwanza matusi yale ni ya kwako, na pili Yasmini amekuandikia.

Mmenifanya nini nyie? Mmekaa, mmoja huku mmoja huko, mnanipimia kipi nijue na kipi nisijue. Hivyo hufanyiwa maiti. Maiti ndiye anayegeuzwa huku na huku haulizwi. Nimekatwa mguu, sijakatwa kichwa.

Nami nilikuficha, sikatai. Unataka kujua kwa nini? Sikuogopa Mshamu atanicheka. Kucheka kwake ningekuzoea. Niliogopa atasikia, halafu asicheke. Mshamu akininyamazia kwa huruma ningejua nimekwisha.

Sasa nina haki yangu naidai. Mimi ni mtani wake. Ilikuwa juu yangu kusimama kaburini nimtukane aondoke vizuri, kama yeye alivyowatania wengine wote. Hilo hukuwa na ruhusa ya kunificha, Mwinjuma. Mguu walinikata kwa sindano ya ganzi. Hili nimekatwa macho makavu.

Niambie alikufaje. Niambie nani alisimama pale badala yangu. Na useme kweli kuhusu shamba.

Kibwana


Mashamba ya Mbuchi,
20 Aprili 2025

Kibwana,

Nimeisoma na nimestahili. Nitakuandikia kama ilivyokuwa.

Alfajiri ile niliita kama siku zote, "Kumekucha huko?" Zamu ya Mshamu ikafika, kimya. Kwa kuwa wewe ulikuwa umeshakwenda Kibiti, tulikuwa tumebaki wawili, hakuna sauti nyingine ya kuficha ukimya ule. Nikachukua mtumbwi papo hapo. Nilimkuta amelala kwa ubavu, kanga ya marehemu mkewe imemfunika mabegani, debe lake la kufukuzia ndege liko kichwani pake. Uso haukuwa na shida. Walikuja vijana tukamshusha, tukampeleka kijijini, tukamwosha, tukamzika alasiri.

Umeuliza nani alisimama badala yako. Hakuna mtu. Shehe alipomaliza dua, sisi wazee wachache tukageuka kutazama kama kuna mtani. Watani wake wa rika letu wote wako chini ya ardhi, isipokuwa wewe. Watoto wa siku hizi wanaona utani wa makaburini ni utovu wa adabu, wakaanza kufukia. Alizikwa kimya, Mshamu yule, kama mtu aliyeokotwa na maji hajulikani kwao. Nilifungua mdomo nimtanie mimi, lakini mimi si mtani wake, halikutoka neno. Siku hiyo ndipo nilipojua nimekosea kukuficha, na bado nikaendelea kukuficha. Nisamehe.

Shamba ni zima. Hakuna maji ya chumvi. Mpunga wako ni mzuri kuliko wangu, na nimekasirika nao kwa hilo.

Nikuambie na jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku hizi naogopa kuita. Zamani niliita kwa mazoea, kama ulivyosema. Sasa nikiita najua nauliza kitu, na najua jibu. Ipo siku nilifungua mdomo nikaufumba, nikakaa kimya mpaka jua likapanda. Nikajiona kama mimi ndiye niliyekufa na hakuna aliyekuja kutazama. Maana hilo ndilo lililobaki, Kibwana. Nisipoamka hapa, nani atachukua mtumbwi?

Siwezi kukuambia uje, nimemwahidi mwanao. Wala siwezi tena kukuambia usije.

Mwinjuma


Kibiti,
4 Mei 2025

Baba Mwinjuma,

Shikamoo. Baba aliisoma barua yako ya mwisho kwa sauti, mbele yangu, kuanzia juu mpaka chini. Tangu hapo, siku nyingi, chakula alikipokea kwa mkono wa mwanangu tu. Mimi nililia jikoni, sikujua kama namlilia baba Mshamu au najililia mwenyewe.

Juzi aliniita akaniambia, "Mwanangu, unanitunza vizuri sana. Lakini unanitunzia nini?"

Tulikwenda kwa daktari. Kidonda kimefunga kweli safari hii. Daktari hakufurahi, lakini hakukataza. Nitamleta mwenyewe mpaka dunguni, nikae naye siku mbili nione. Masharti yangu ni haya, na wewe ndiwe ninayekuachia. Maji yake yachemshwe. Dawa zake ameze mbele ya macho yako. Mtu asimwache ashuke peke yake. Ukiona kidonda kimebadilika rangi, usiniandikie barua. Panda kijijini unipigie simu, utetemeke sauti upendavyo.

Nikimpoteza huko sitawasamehe nyote wawili. Na nikimzuia hapa najua nampoteza vilevile. Nimechoka kuchagua.

Mwanao,
Yasmini


Mashamba ya Mbuchi,
1 Juni 2025

Mwanangu Yasmini,

Tangu uondoke baba yako hajambo. Maji nachemsha, dawa anameza nikimtazama, ananitukana lakini anameza. Kidonda ni kikavu. Ile ngazi ya miti ya mkandaa uliyoniona naichonga nimeipanua tena, sasa anakaa kidato kimoja baada ya kingine akijisukuma kwa makalio. Mara ya kwanza alichukua muda mrefu mpaka nikageuka nitazame mto, nisimwone anavyohangaika. Kufika juu alilala chali, akasema makuti ya upande wa mto nimeezeka vibaya.

Ijumaa baada ya swala alitaka apelekwe kwa Mshamu. Tulikuwa wazee wachache na vijana walionisaidia kumbeba kwenye matope. Pale kaburini aliwaambia wamweke chini, akasimama na magongo yake, na ule mguu wa suruali aliokuwa akiuficha kwa shuka akaupandisha mpaka gotini, wazi. Akasema, "Mshamu, umekimbia ukidhani umenishinda. Umeniacha na kasia moja. Sasa mwenye kasia moja anafika wapi? Nitazunguka palepale mpaka lini, mpumbavu wewe?" Halafu akamtukana kwa mengine ambayo siwezi kumwandikia mtoto wa kike. Vijana walianza kutazamana. Kisha mmoja akacheka, na mimi nikacheka, na baba yako akacheka huku machozi yanamfika ndevuni. Alidai ujira wa mtani kwa watu wa nyumba ya marehemu, wakauliza anataka nini, akasema debe la kufukuzia ndege. Wakampa.

Nilimwambia akae dungu la Mshamu, liko katikati yetu, karibu na langu, nikiitwa nafika upesi. Alikataa. Alisema la Mshamu ni la Mshamu na zamu yake ni yake.

Kwa hiyo leo alfajiri, baada ya swala, niliita. Mara ya kwanza tangu afike, kwa sababu siku zile ulipokuwepo niliona haya, na ulipoondoka nikaona hofu. Niliita, "Kumekucha huko?" Nikaacha nafasi ya Mshamu ipite. Ni nafasi fupi, mwanangu, lakini mimi niliiona inarefuka, na nilishaweka mguu kwenye kidato cha kwanza nishuke kwenye mtumbwi. Ndipo nikasikia debe la Mshamu linagongwa, na sauti ya baba yako ikaja juu ya mpunga, ikipasuka kwa uzee.

"Kumekucha kwa kasia moja! Huyu mvivu wa katikati bado amelala!"

Nilikaa palepale kwenye ngazi nikalia mpaka nikatosheka. Ndege walikuwa wameshaingia shambani kwangu, wakala walichokula.

Dawa zake za sukari zinakaribia kwisha. Mpe Hashimu, na uweke na betri za tochi. Kesho nitamwita tena.

Baba yako mdogo,
Mwinjuma